Siku kumi kaskazini mwa India: makaburi ya wafalme, ndege wa Bharatpur na chui milia wa Ranthambore

Ratiba ya safari hii hupangwa kuanzia katikati. Watu wengi huanza na tiketi ya ndege, wakaja hoteli ya Delhi, wakaja Agra, na chui milia akabaki mwisho, apewe siku itakayosalia. Ndiyo maana wapo wanaofika kwenye lango la Taj Mahal siku ya Ijumaa na kulikuta limefungwa, na wapo wanaofika Ranthambore na kuambiwa nafasi za magari madogo zimekwisha. Ijumaa ya Agra na kibali cha Ranthambore havisogei. Vipange hivyo kwanza. Hoteli, treni na chakula vitajipanga kuvifuata.

Njia yenyewe ni Delhi, Agra, Fatehpur Sikri, Bharatpur, Ranthambore, Jaipur. Faida yake ni kwamba majumba na wanyama wametokana na historia moja. Bwawa la ndege la Bharatpur lilikuwa uwanja wa maharaja wa kuwindia mabata. Msitu wa Ranthambore ulikuwa wa watawala wa Jaipur, nao wakiwaalika wageni wao kuwinda chui milia humo. Mwanamfalme Philip wa Uingereza alipiga mmoja huko mwaka 1961. Ukiona kasri asubuhi na msitu jioni, unaona mali ya watu walewale.

Msimu unaofaa zaidi ni kati ya katikati ya Februari na katikati ya Machi. Desemba na Januari ndege wa Bharatpur ni wengi, ila ukungu unaotanda juu ya bonde la Ganges na Yamuna unaharibu ratiba: hewa ya baridi hukaa chini, unyevu ni mwingi, upepo hakuna, na madereva wa treni hupunguza mwendo kwa sababu hawaoni ishara. Kuchelewa saa tatu au nne ni jambo la kawaida, na Taj Mahal inaweza isionekane kabisa hadi saa nne asubuhi. Aprili hadi Juni chui milia huonekana kwa urahisi zaidi kwa kuwa maji yamekauka na wanabanana kwenye madimbwi machache, lakini joto hupita nyuzi 40, na kutembea juani kwenye ngome za mawe kunamaliza nguvu. Kuanzia Julai 1 hadi Septemba 30 maeneo makuu ya Ranthambore hufungwa kwa mvua. Mwishoni mwa Februari ukungu umeondoka, ndege wahamiaji bado wapo, na msitu umeshaanza kupukutisha majani. Ukisafiri Machi, angalia kwanza sikukuu ya Holi inaangukia siku gani: siku hiyo maduka hufungwa, usafiri hupungua na barabarani ni rangi tupu.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Watanzania, Wakenya na Waganda huomba viza ya kielektroniki. Tovuti rasmi ni indianvisaonline.gov.in. Zipo tovuti nyingi zinazofanana nayo ambazo hutoza mara mbili au tatu zaidi kwa kazi ileile, basi soma anwani herufi kwa herufi kabla ya kulipa. Pasipoti iwe na miezi sita mbele na kurasa mbili tupu. Barua ya idhini ichapishe kwenye karatasi.

Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano usiiache. India huwadai wanaotoka au kupitia nchi zilizo kwenye orodha yake, Kenya na Uganda zikiwemo, na Mtanzania anayeunganisha ndege Nairobi au Addis Ababa asidhani haitamhusu. Chanjo lazima iwe imetimiza siku 10 kabla ya kuingia. Asiye nayo anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita, na siku sita katika safari ya siku kumi maana yake safari imekwisha.

Soketi za India si zile za pini tatu bapa tulizozoea Afrika Mashariki, kwa hiyo beba adapta ya pini za mviringo. Laini ya simu inunue uwanja wa ndege ukiwa na pasipoti na viza mkononi. Huchukua saa kadhaa kufunguka. Utaihitaji, kwani huduma nyingi za mtandaoni hutuma namba ya siri kwenye simu ya India. Wenyeji hulipa karibu kila kitu kwa simu, lakini mgeni asitegemee hilo. Tembea na noti ndogo za rupia 10 hadi 100 kwa ajili ya bajaji, chai na bakshishi.

Tiketi za treni hufunguliwa siku 60 kabla. Ukiona WL kwenye tiketi, uko kwenye orodha ya kusubiri na huna kiti. RAC ni kwamba utapanda, ila huenda ukagawana kitanda na abiria mwingine. Kwa safari za mchana zisizozidi saa tano, behewa la viti lenye kiyoyozi, linaloandikwa CC, linatosha kabisa.

Sasa siku zenyewe. Fika Delhi Jumamosi na uizunguke Jumapili. Jumatatu nenda Agra, na alfajiri ya Jumanne uwe Taj. Jumanne hiyohiyo pita Fatehpur Sikri ukalale Bharatpur. Jumatano jioni uwe Ranthambore, ukae Alhamisi na Ijumaa nzima. Jumamosi ingia Jaipur, uondoke Jumatatu. Kwa mpangilio huu Ijumaa inakukuta msituni, mbali na Agra, na huendi Taj Jumamosi au Jumapili inapofurika watu.

Delhi kwa siku moja

Kwa siku moja chagua mawili: kaburi la mfalme Humayun na Qutb Minar. Ngome Nyekundu hufungwa Jumatatu, na kwa atakayeiona ngome ya Agra siku inayofuata, inaweza kurukwa bila majuto. Qutb Minar ni mnara wa takriban mita 73 ulioanza kujengwa mwishoni mwa karne ya 12, na maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa mwilini mwake yanasomeka vizuri jua la jioni likiyapiga ubavuni.

Kaburi la Humayun, lililokamilika karibu mwaka 1572, ndiko wazo la Taj lilikoanzia: kaburi katikati ya bustani iliyogawanywa na mifereji ya maji, kuba juu, jukwaa pana chini. Ukianza hapa, Taj utaielewa kama mwisho wa majaribio ya miaka mingi. Waliolikarabati hadi mwaka 2013 ni Aga Khan Trust for Culture, taasisi ileile iliyoikarabati Zahanati ya Kale na bustani ya Forodhani pale Unguja. Jirani yake kuna mtaa wa Nizamuddin, wenye vyakula vya halali na kebabu zinazochomwa hadi usiku. Hapohapo ndipo ilipo stesheni ya Hazrat Nizamuddin, ambako Gatimaan Express huondoka asubuhi na kufika Agra kwa dakika 100 hivi. Treni hiyo haitembei Ijumaa, siku ambayo Taj imefungwa.

Agra

Mchana wa kufika anza na kaburi la Itimad-ud-Daulah, ng'ambo ya mto Yamuna. Malkia Nur Jahan alimjengea baba yake kati ya 1622 na 1628, miaka michache kabla ya Taj kuanza. Ni dogo, watu ni wachache, na hapa unaweza kusimama karibu na ukuta muda wowote utakao ukaangalia kazi ya parchin kari, yaani maua ya vito yaliyozamishwa kwenye marumaru. Fundi huchora ua juu ya marumaru, akachimba kijishimo cha umbo la kila petali, akakata jiwe jembamba la kukijaza, akaligandisha na kulisugua mpaka likalingana na ukuta. Ua moja dogo linaweza kuwa na vipande vingi vya rangi zinazopishana kidogo ili petali ionekane imejikunja. Elekeza mwanga mdogo kwenye akiki nyekundu: inawaka kama kaa la moto, kwa sababu hupitisha mwanga. Bandia ya plastiki au rangi hubaki kiza. Kipimo hicho kikumbuke utakapokuwa kwenye maduka ya marumaru ya Agra.

Jioni nenda Mehtab Bagh, bustani iliyo upande wa pili wa mto, uione Taj kwa nyuma bila msongamano.

Taj hufunguliwa nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Mgeni hulipa rupia 1,100 kuingia na 200 zaidi kupanda kwenye jukwaa la kaburi lenyewe. Hiyo 200 usiibanie; bila yake utaliona kaburi kutoka nje tu. Nunua tiketi mtandaoni usiku wa kabla. Tiketi ni ya saa tatu. Lango la mashariki ndilo linalopendwa na makundi ya watalii, na kituo chake cha tiketi kiko kama kilomita moja kutoka langoni, kwa sababu magari ya mafuta hayaruhusiwi kusogea. Kuna vigari vya umeme. Kinachowachelewesha watu zaidi ni ukaguzi wa mizigo. Chakula, sigara, kiberiti, kisu na miguu ya kamera havipiti, na ukikutwa navyo unarudishwa kwenye makabati huku foleni ikikuacha. Ingia na simu, pasipoti, pesa na kamera, basi. Chupa ya maji na vifuniko vya viatu vimo ndani ya bei ya tiketi.

Mumtaz Mahal, mke wa mfalme Shah Jahan, alifariki mwaka 1631 akijifungua, na ujenzi ukaanza mwaka uliofuata. Anayesoma Kiarabu ana faida kubwa hapa. Lango kuu limeandikwa aya za Surat al-Fajr, na milango ya kaburi imezungukwa na Surat Yasin. Inua macho ufuate mstari wa maandishi kutoka chini hadi juu: herufi zinaonekana zote za ukubwa mmoja. Mwandishi wake, Amanat Khan, aliziongeza ukubwa kadiri zinavyopanda ili jicho la aliye chini lisione tofauti. Minara minne nayo imeinamishwa nje kidogo, ili ikianguka isiliangukie kaburi. Ndani, makaburi unayoyaona ni ya alama. Miili iko chumba cha chini. La Mumtaz liko katikati kabisa ya jengo, na la Shah Jahan limesogezwa kando yake, kitu pekee kilichovunja ulinganifu wa jengo zima.

Kwa Waislamu wanaotamani kuswali Ijumaa katika msikiti wa Taj: tangu 2018 swala hiyo ni ya wakazi wa Agra tu, na kitambulisho huangaliwa mlangoni.

Ngome ya Agra inataka saa mbili. Nenda moja kwa moja hadi Musamman Burj, roshani ya marumaru inayotazama Taj. Aurangzeb alimfungia baba yake, Shah Jahan, katika ngome hii kuanzia 1658 hadi alipofariki 1666.

Fatehpur Sikri na Bharatpur

Mfalme Akbar alianza kuujenga mji wa Fatehpur Sikri mwaka 1571, na kufikia 1585 alikuwa ameshauhama. Uko njiani, kama kilomita 40 kutoka Agra. Gari huachwa maegeshoni na basi hukupandisha. Hapo maegeshoni ndipo wapo vijana watakaokuambia kwamba huwezi kuingia bila mwongozaji, au kwamba basi limeharibika. Wapite kwa heshima. Sehemu ya kasri ni ya tiketi. Msikiti, kaburi la marumaru la Salim Chishti na lango la Buland Darwaza ni bure. Saa mbili na nusu zinatosha, ukifika kabla ya saa tano, maana sakafu ya mawe mekundu huchoma miguu mchana na ndani ya msikiti unatembea bila viatu. Vaa soksi.

Kutoka hapo Bharatpur ni nusu saa hivi. Hifadhi ya Keoladeo ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 29 tu, yaani chini ya sehemu ya kumi ya Hifadhi ya Ziwa Manyara, lakini imehesabiwa aina zaidi ya 350 za ndege. Bwawa la Keoladeo lilitengenezwa na binadamu: maji huletwa kutoka bwawa la Ajan na kugawanywa kwa tuta na milango. Mwaka wenye maji machache, ndege nao ni wachache, kwa hiyo waulize wenyeji hali ya maji kabla ya kuongeza usiku wa pili. Palikuwa pa bunduki kwanza. Novemba 1938, Lord Linlithgow, mtawala wa India kwa niaba ya Uingereza, na wageni wenzake waliua ndege 4,273 kwa siku moja, na idadi hiyo imechongwa kwenye jiwe lililo mle hifadhini. Korongo wa Siberia, waliowavuta wapenda ndege kutoka duniani kote, hawajaonekana tena tangu miaka ya mwanzo ya 2000.

Ingia jua linapochomoza, kwa riksho ya baiskeli. Waendesha riksho wamefunzwa ndege. Wengi wanawajua kwa majina na sauti, na macho yao yataona bundi aliyelala kwenye shina muda mrefu kabla yako. Mlipe kwa saa, kubalianeni saa tatu, na mwambie wazi kwamba huna haraka. Mtafute korongo sarus, mwenye kichwa chekundu, ndege anayeruka mrefu kuliko wote duniani. Akisimama anamkaribia mtu mzima kwa kimo. Hutembea wawiliwawili, na jozi huita kwa kupokezana, dume akiinua mbawa.

Ranthambore

Bharatpur na Sawai Madhopur, mji wenye stesheni ya kwenda Ranthambore, ziko kwenye reli moja, ile kuu ya Delhi kwenda Mumbai, na treni huchukua kama saa mbili na nusu. Jan Shatabdi ya Delhi–Kota hupita Bharatpur alasiri. Kwa gari ni mbali zaidi na barabara inachosha.

Vibali hununuliwa kwenye tovuti rasmi ya serikali ya Rajasthan, miezi kadhaa kabla. Unachagua tarehe, asubuhi au alasiri, kanda (zipo 10), na aina ya gari. Jina na namba ya pasipoti hujazwa hapohapo, na langoni watadai pasipoti halisi; ukikosea tarakimu moja kazi ya kusahihisha ni yako. Gari dogo, wanaloliita jipsi, hubeba abiria sita. Kanta ni lori la wazi la watu 20. Chagua jipsi. Kanta halipiti njia nyembamba, na watu 20 hawanyamazi kwa pamoja. Kanda 1 hadi 5 ndizo za zamani, zenye msitu mzito na maziwa. Kanda ya 3 ina maziwa ya Padam na Rajbagh. Za 6 hadi 10 ziko pembezoni, ni kavu zaidi, na hazistahili kudharauliwa, kwa kuwa chui milia huvuka mipaka hiyo kila mara.

Nunua vibali vinne. Ukinunua kimoja unacheza bahati nasibu. Kwa vinne, asubuhi mbili na alasiri mbili katika kanda tofauti, una nafasi ya kweli, ingawa hakuna anayeweza kukuahidi. Kila mzunguko ni kama saa tatu na nusu, na gari haliruhusiwi kutoka kwenye kanda yake hata kama chui yuko mita 200 ng'ambo.

Aliyezoea Serengeti au Maasai Mara abadilishe namna ya kutafuta. Kule macho hufanya kazi kubwa, uwanda uko wazi. Ranthambore ni vilima, magenge na miti ya dhok, na chui milia hutembea peke yake. Hapa unasikiliza. Dereva akizima injini, nyamaza. Langur, kima mwenye uso mweusi anayekaa juu mitini, hukohoa kwa ukali akimwona chui kutoka juu. Chital, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye madoa meupe, hutoa mlio mwembamba unaokatika, lakini huyu ni mwoga, na wakati mwingine hushtuka bure. Sambar, mwenye mwili wa karibu kuro, hapigi kelele ovyo: akitoa ule mlio mzito mmoja, akarudia huku akipiga kwato chini na mkia ameuinua, mwongozaji atageuza gari. Wakilia watatu hao kwa kupokezana kutoka kushoto kwenda kulia, chui anatembea kuelekea kulia, na kazi ya dereva ni kufika mbele yake, mahali njia inapokutana na maji. Asubuhi kuna ushahidi mwingine: nyayo juu ya vumbi. Ikiwa alama za matairi zimepita juu ya unyayo, ni wa zamani; ikiwa unyayo umekanyaga juu ya tairi, amepita muda si mrefu.

Kosa la abiria ni kumsukuma dereva akimbilie kila habari anayopigiwa kelele na gari jingine. Mnafika magari kumi, vumbi juu, mnyama ameshaingia kichakani. Mwambie mwongozaji tangu langoni kwamba mko tayari kusubiri kwenye maji nusu saa nzima. Bakshishi mpe kwa kazi aliyofanya, hata kama chui hakuonekana, la sivyo unamfundisha kumfukuzia mnyama.

Asubuhi za Februari gari la wazi hukata masikio kwa baridi. Koti zito, kofia na shali ya kufunika pua kwa ajili ya vumbi. Rangi ziwe za udongo. Simu zimewekewa masharti makali katika hifadhi za chui milia, kwa hiyo anayetaka picha abebe kamera ya kawaida.

Hifadhi hii ni miongoni mwa tisa za kwanza za mpango wa kuokoa chui milia ulioanzishwa 1973, wakati hesabu ya nchi nzima ilikuwa imeshuka hadi karibu 1,800. Hesabu ya 2022 ilitoa makadirio ya 3,682. Jike aliyejulikana kama Machli, aliyetawala maziwa ya hapa na kufa 2016 akiwa na umri wa miaka karibu 20, ndiye aliyelifanya jina la Ranthambore lifike mbali. Majirani hawakuwa na bahati hiyo: Sariska, hifadhi nyingine ya Rajasthan, iligundulika mwaka 2005 kuwa haina hata chui milia mmoja kwa sababu ya majangili, na mwaka 2008 ikaanza kuletewa wapya kutoka hapa.

Jumamosi asubuhi panda ngome ya Ranthambore, iliyotekwa na Alauddin Khalji, sultani wa Delhi, mwaka 1301. Haihitaji kibali cha safari. Ukiwa juu ya kuta unaona ziwa la Padam lote, mamba wakiota jua. Funga chakula vizuri; langur wa ngomeni hawaombi.

Jaipur na kuondoka

Treni ya Sawai Madhopur hadi Jaipur ni saa mbili hivi. Ngome ya Amber iendee inapofunguliwa, upande kwa miguu, dakika 20 hivi. Tembo wanaopandisha watalii waache wapumzike. Hawa Mahal, ya 1799, inatazama mashariki, hivyo picha ya uso wake ni ya asubuhi, na mlango wa kuingilia uko nyuma.

Jantar Mantar, iliyokamilika 1734, ndiyo iliyopewa dakika chache na makundi mengi, na ndiyo inayostahili saa moja na nusu. Jai Singh II, aliyeuanzisha mji mwaka 1727, alijenga hapa ala za mawe za kupimia anga. Samrat Yantra, saa ya jua ya mita 27, ina kivuli kinachosogea karibu milimita moja kwa sekunde. Simama ukiangalia kingo zake na utakiona kikitembea. Usomaji wake utatofautiana na saa yako ya mkononi kwa nusu saa au zaidi, hasa kwa sababu Jaipur iko magharibi ya mstari unaotumika kuweka saa ya India nzima. Nenda jua likiwa kali na lipia mwongozaji, vinginevyo ni ngazi za mawe zisizosema kitu.

Jaipur ni mji wa vito, na utapeli wake ni wa vito. Mtu mkarimu atakuomba umbebee mawe hadi nchi yako, uyauze kwa faida. Kataa papo hapo. Dereva wa bajaji anayekutoza nauli ndogo mno naye atakupeleka dukani kwanza, kwa kuwa mwenye duka humlipa.

Si lazima kurudi Delhi. Ndege nyingi za moja kwa moja za Afrika Mashariki huondokea Mumbai, na Jaipur ina safari za ndege kwenda huko kila siku. Nunua tiketi ya kuingilia Delhi na kutokea Mumbai, ikiwezekana Jaipur–Mumbai iwe ndani ya tiketi hiyohiyo ili mizigo ipite moja kwa moja. Ukiinunua peke yake, angalia inatua jengo gani: baadhi ya ndege za ndani hutumia T1, na za kimataifa huondokea T2, na kati ya majengo hayo kuna safari ya gari katika foleni za Mumbai. Weka saa tano kati ya ndege hizo mbili.